Figa Moja Haliinjiki Chungu: Sanduku Lililokataa Kuamka na Hatima ya Fasihi Simulizi Tunayoikusanya

Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa methali hii kwa vitendo tangu mwaka wake wa kwanza chuoni. Akimsikia mtambaji, sharti arekodi. Akisharekodi, sharti anukuu. Akishanukuu, sharti afasiri, aainishe na kuhakiki. Lakini ni nadra sana mwanafunzi huyo kuulizwa swali la mwisho: je, daftari lenyewe umeliweka wapi, na likipotea litapatikana kwa nani?

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo. Hoja yangu ni moja, nayo ni kwamba kuhifadhi rekodi za nyanjani ni sehemu ya taaluma ya fasihi simulizi, wala si kazi ya kumwachia fundi. Kwa hivyo, idara zetu za Kiswahili hazina budi kuifundisha na kuitahini kazi hiyo kama zinavyofundisha na kutahini nadharia. Hoja hii sikuipata kitabuni. Niliipata Garissa, tena kwa njia ya simu, nikiwa mbali na sanduku dogo jeusi lililokataa kuamka. Naomba msomaji anivumilie nilisimulie tukio hilo kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo mawili: namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu, na namna ya kutoifikia hitilafu hiyo kabisa.

Sanduku na Yaliyokuwamo

Mwishoni mwa mwaka wa 2023 nilikuwa nikikusanya masimulizi ya Wailwana, ambao majirani zao huwaita Wamalakote. Hawa ni watu wa kandokando ya Mto Tana, juu na chini ya mji wa Garissa. Ikumbukwe kwamba Kiilwana si lugha ya mbali kwetu. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wanakiweka katika kundi la Kisabaki pamoja na Kipokomo, lugha za Mijikenda, lugha za Ngazija na visiwa vyenzake, na Kiswahili chenyewe. Derek Nurse, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 2000, alionyesha jinsi ndugu huyu wa Kiswahili alivyoathiriwa na lugha ya Kioromo ya majirani zake wafugaji. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kumsikiliza mtambaji wa Kiilwana ni kama kumsikiliza shangazi aliyeolewa mbali: matamshi yamebadilika, lakini sura ni ya ukoo.

Mwenyeji wangu mjini alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Mwilwana kwa kuzaliwa, ambaye mtaa mzima wa Bula Iftin humwita Mwalimu tu. Mama yake, ajuza wa umri ambao hakuna aliyeuhesabu, alikubali kututambia kwa jioni tatu. Rekodi hizo, pamoja na za watambaji wengine tisa, ziliijaza simu yangu na kipakatalishi changu. Mwalimu alikuwa na sanduku la kuhifadhia data aliloletewa na mwanawe. Ni chombo kidogo chenye diski mbili ndani, kinachounganishwa na ruta kwa kebo, ili simu na kompyuta zote za nyumbani ziweze kuweka faili humo na kuzichukua. Yeye alihifadhi humo picha za harusi za wanawe. Mimi nilihamishia humo rekodi zangu zote, kisha nikazifuta katika simu ili nipate nafasi ya kuendelea na kazi.

Diski zile mbili zilikuwa zimepangwa kwa mtindo wa kioo: kila kinachoandikwa katika ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili. Nilifurahi, nikajiambia kwamba sasa nina nakala mbili. Nitarejea kwenye furaha hiyo baadaye, kwani ndilo lililokuwa kosa langu kubwa.

Mwezi Machi 2024 ajuza yule alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Usiku wa Mafuriko

Mwishoni mwa Aprili 2024 Mto Tana ulifurika. Barabara ya kutoka Madogo kuingia Garissa ilikatwa na maji pale Mororo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua, na wengine wakapoteza maisha katika kuvuka huko. Mimi nilikuwa chuoni, upande wa pili wa maji. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa mtaani kwa Mwalimu. Asubuhi akanipigia simu.

“Mwanangu,” akasema, “lile sanduku limewaka lakini halijaamka.”

Nimesoma orodha nyingi za istilahi za kompyuta, lakini sikumbuki nilipokuta tofauti hii imeelezwa kwa uwazi kama alivyoieleza Mwalimu. Kuwaka ni habari ya umeme: taa imemeta, feni imezunguka. Kuamka ni habari ya akili ya chombo: mfumo wake wa uendeshaji umepakiwa, diski zimetambuliwa, chombo kimejitangaza kwenye mtandao na kinaweza kuitika kikiitwa. Sanduku la Mwalimu lilikuwa likimetameta taa, likizungusha feni kwa sekunde chache, likizima, kisha likianza upya.

Mwalimu alinieleza kwamba kijana mmoja wa karibu, anayetengeneza simu, alikwisha kushauri diski zitolewe “zifomatiwe” ili sanduku lianze upya. Kufomati maana yake ni kuiandaa diski upya kana kwamba haikuwahi kuandikwa kitu. Sanduku lingeamka, naam, lakini lingeamka bila kumbukumbu. Nilimsihi Mwalimu asikubali. Simlaumu kijana yule. Yeye aliulizwa habari ya sanduku, naye akajibu habari ya sanduku. Hakuna aliyemweleza kwamba ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu.

Tulivyotafuta Chanzo

Nayaeleza hapa tuliyoyafanya, hatua kwa hatua, kwa kuwa huenda msomaji akayahitaji siku moja, na kwa kuwa miongozo mingi ya vyombo hivi haijaandikwa kwa Kiswahili.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuacha. Chombo kikigoma, watu wengi hubonyeza kitufe tena na tena. Kila jaribio huzilazimisha diski kuanza kuzunguka upya, na kama diski ni mgonjwa, kila kuanza huzidisha ugonjwa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tulichomoa waya ukutani, tukalipa sanduku nusu saa.

Hatua ya pili ilikuwa umeme. Mwalimu alichomeka taa ya meza kwenye soketi ile ile, ikawaka sawasawa. Basi soketi ilikuwa salama. Ikabaki adapta, yaani kile kijisanduku cha kwenye waya ambacho huupokea umeme wa nyumbani wa volti 240 na kuutoa ukiwa wa volti 12. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Diski hunywa umeme mwingi zaidi katika zile sekunde chache za kuanza kuzunguka. Adapta iliyochoka yaweza kuwasha taa na feni bila tabu, kisha ikashindwa diski zinapoanza kuzunguka. Ni kama punda wa mkokoteni wa maji: akiwa hajafungwa mzigo husimama wima kama wenzake, na udhaifu wake hujulikana madebe yakishapakiwa.

Hatua ya tatu ilikuwa kutenganisha. Nilimwomba Mwalimu aandike namba 1 na namba 2 juu ya diski kabla ya kuzitoa, kwa maana kuchanganya mpangilio wake kwaweza kulivuruga sanduku likaziona kuwa ngeni. Akazichomoa, akaliwasha sanduku likiwa tupu. Likalia mlio mmoja, taa ikatulia.

“Limeamka, mwanangu,” akasema, “lakini ni kama mtu aliyeamka asijue jina lake.”

Jibu hilo lilitufaa sana. Lilituambia kwamba sanduku lenyewe lilikuwa zima. Akalizima, akairudisha diski namba 1 peke yake, akaliwasha. Likaamka, na picha za harusi zikaonekana. Nilimwomba asikilize kwa makini: je, diski inagonga au inakwaruza? Diski inayogonga huzimwa hapo hapo na kupelekwa kwa mtaalamu wa kuokoa data. Yetu ilikuwa ikivuma tu. Tukaizima, tukaziweka zote mbili pamoja. Sanduku likaanguka tena vile vile.

Hapo chanzo kikaanza kujitokeza: diski moja inabebeka, mbili hazibebeki. Nguvu ilikuwa haitoshi. Mwalimu alikwenda dukani kwa jirani akaazima adapta ya kamera za ulinzi. Nilimsomea masharti matatu naye akayalinganisha na maandishi ya adapta zote mbili: volti ziwe zile zile, ampea zisipungue zile za awali, na mchoro wa chanya na hasi uwe sawa. Akachomeka. Sanduku likawaka, likanguruma, na baada ya dakika tatu likaamka. Likatuarifu kwamba diski ya pili imeachwa nyuma na ya kwanza, na likaomba ruhusa ya kuzioanisha. Tulikataa kwanza. Kabla ya tiba yoyote, nakili ulichokiona. Mjukuu wa Mwalimu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinakili rekodi zote kwenye diski ya nje. Ndipo tukaruhusu diski zioanishwe.

Lau adapta isingekuwa mkosaji, tungeendelea kwa utaratibu uo huo wa kupunguza washukiwa. Tungetazama betri ndogo ya saa iliyomo ndani, ya volti 3, ambayo ikifa baadhi ya vyombo hivi hugoma kuamka. Tungepuliza vumbi, kwani vumbi na joto la Garissa, linalofika nyuzi 36 na kupita, huziba feni na kuchosha kila kitu. Na kama sanduku lenyewe lingekuwa limekufa, diski zingeweza kusomwa kwa kompyuta inayotumia Linux, kwa kuwa masanduku mengi ya aina hii hutumia mfumo huo kwa ndani. Diski hizo zikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows, kompyuta hiyo huenda isizitambue na ikauliza kama zifomatiwe. Jibu ni hapana.

Kioo si Akiba

Rekodi zilirudi, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini nilipozipitia moja moja niligundua kwamba jioni ya tatu ya ajuza yule haikuwamo. Haikuliwa na umeme wala na adapta. Niliifuta mimi mwenyewe mwezi Februari, nilipokuwa nikipanga majina ya faili na kuondoa zile nilizodhani zimejirudia. Na mara tu nilipoifuta katika diski ya kwanza, ya pili nayo ilitii.

Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kioo. Kioo humwonyesha mtu alivyo sasa. Hakikumbuki alivyokuwa jana. Diski mbili ndani ya sanduku moja humkinga mtu na kifo cha diski moja tu. Hazimkingi na kosa la mkono wake, wala wizi, wala moto, wala maji, wala radi, kwani yote hayo huzipata zote mbili kwa pamoja. Nilikuwa na diski mbili, lakini nakala ilikuwa moja.

Mjukuu wa Mwalimu ndiye aliyeniuliza kwa aibu kidogo kama ngano niliyoitumia familia kwa simu mwezi Januari, kuwa shukrani, ilikuwa ya jioni ile. Ilikuwa ndiyo. Dakika kumi na moja, sauti ikiwa imebanwa ili iwe nyepesi kusafiri, zilikuwa zimekaa katika simu yake wakati wote huo. Baada ya mazishi wajukuu walikuwa wakiisikiliza usiku. Nami, mtafiti mwenye kipakatalishi, sikuwa nayo.

Zilizosalia za jioni ile, takriban dakika arubaini, hazikupatikana tena. Mlikuwamo ngano mbili na wimbo wa wapiga kafi ambao Mwalimu anaukumbuka mwanzo wake tu. Aliuimba mwanzo huo kwenye simu, akanyamaza. Sina la kuongeza juu ya kimya hicho. Ninalolijua ni kwamba katika tasnifu yangu kuna wimbo ambao ninaweza kuutaja lakini siwezi kuunukuu.

Hekima ya Majirani

Kinachonitia haya zaidi ni kwamba tukio hili lilinifika katika eneo ambalo watu wake wamelijua somo hili kwa karne nyingi. Wasomali, ambao ndio wengi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, hawakuwa na hati rasmi ya lugha yao hadi mwaka wa 1972. Hata hivyo tenzi zao ndefu hazikupotea. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, katika kitabu chao cha mwaka wa 1964 kuhusu ushairi wa Kisomali, walieleza jinsi shairi lilivyobebwa na wahifadhi waliolikariri neno kwa neno na kumtaja mtunzi wake kila walipolighani. Mtunzi mmoja angeweza kuwa na wahifadhi wengi, na kila mmoja alisafiri na mifugo upande wake. Ukame ukimwua mmoja, shairi lingali hai kwa mwingine.

Aidha, kanuni ya ushairi wao hudai sauti moja ijirudie katika kila mshororo tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Sisi huitazama kanuni hiyo kama pambo, nayo kwa hakika ni mlinzi pia: neno likibadilishwa, sauti huvunjika na msikilizaji hushtuka. Mafundi wa kompyuta hutumia mbinu ya jamaa hii wanapokokotoa tarakimu maalumu ya faili, ili faili ikibadilika hata kwa herufi moja, tarakimu isilingane. Mashairi ya Sayyid Mohammed Abdille Hassan, aliyefariki mwaka wa 1920, yalikaa vifuani mwa watu kwa zaidi ya miaka hamsini kabla ya Jaamac Cumar Ciise kuyakusanya na kuyachapisha mjini Mogadishu mwaka wa 1974.

Zama za kaseti zilipofika, hekima haikubadilika. Mwaka wa 1988, mji wa Hargeisa ulipokuwa ukikabiliwa na mabomu, watu wa redio waliziondoa kanda zao, nyingine zikafukiwa ardhini na nyingine zikavushwa mpaka. Mji ulibomolewa, nyimbo zilibaki. Leo maelfu ya kaseti yamehifadhiwa katika kituo cha utamaduni cha mji huo. Kilichookoa nyimbo zile ni kwamba watu walizitawanya kabla ya balaa kuwafikia.

Mafiga Matatu

Wataalamu wa hifadhi wana kanuni waiitayo tatu-mbili-moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Kanuni hii si ngeni kwetu. Waswahili walikwisha kusema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Chungu cha fasihi simulizi nacho kinataka mafiga matatu, nami napendekeza yawe haya.

Figa la kwanza ni la mtafiti mwenyewe: nakala anayoifanyia kazi. Figa la pili ni la taasisi: maktaba ya chuo chake au idara yake, mbali na mahali alipokusanyia. Figa la tatu ni la wenye mali, yaani jamii iliyotamba. Hili la tatu ndilo tunalolisahau kuliko yote, na ndilo lililoniokoa dakika kumi na moja. Rekodi tunazozichukua ni amana. Mwenye kukabidhiwa amana hasemi kwamba kwa kuwa ameichambua vizuri basi haulizwi iko wapi. Na mwenye amana naye ana haki ya kusema hii isichezwe hadharani, au hii isitoke nje ya ukoo. Kwa hivyo idhini ya nakala iandikwe pamoja na idhini ya kurekodi.

Kuna atakayesema taasisi peke yake inatosha. Garissa yenyewe inamjibu. Baada ya shambulio la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, chuo kilichopo hapo kilifungwa hadi Januari 2016. Kimesimama tena, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2017, na naamini ndicho kinachostahiki kuwa hazina ya fasihi ya kaskazini mashariki. Lakini hata hazina iliyo bora yaweza kufungwa mlango siku moja, wala si kwa kosa lake. Vivyo hivyo, maktaba ya taifa tawi la Garissa ilianzisha mwaka wa 1996 Maktaba ya Ngamia ya kuwapelekea wafugaji vitabu kule waliko. Ikiwa kitabu kiliweza kumfuata msomaji kwa ngamia, sioni kwa nini sauti ya bibi isiweze kurudi kijijini kwa kadi ya simu.

Atakuwapo pia wa kusema kwamba hatuna fedha. Tupige hesabu. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya ubora wa diski za muziki, huchukua takriban megabaiti 635. Saa thelathini za nyanjani, ambazo zatosha tasnifu ya uzamili, hazifiki gigabaiti 20. Zinaenea katika kijiti kimoja cha gigabaiti 32, ambacho bei yake haifiki nauli ya basi kutoka Nairobi hadi Garissa na kurudi. Kinachotupungukia ni desturi zaidi ya fedha. Ieleweke tu kwamba kijiti nacho si cha milele: kifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, kikaguliwe, na kikizeeka yaliyomo yahamishwe.

Wa tatu atasema hiyo ni kazi ya watu wa TEHAMA. Nami namwuliza: je, kunukuu ni kazi ya wauza kalamu? Umeme wetu tunaujua. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana huu huu, na karibu nchi nzima ikakaa bila umeme kwa saa kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda tena nchini. Mtafiti anayekwenda nyanjani bila kujua kwamba sanduku lake linahitaji kikinga umeme na betri ya akiba, tena zinazogharimu kidogo, ni sawa na mvuvi asiyejua majira ya kusi na kaskazi.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne kwa idara zetu. Kwanza, somo la mbinu za utafiti nyanjani liwe na mihadhara ya kuhifadhi, ikiwamo namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu kama nilivyoeleza. Pili, pendekezo la utafiti lisipitishwe kabla ya mwanafunzi kueleza mafiga yake matatu yatakuwa wapi. Tatu, siku ya kutetea tasnifu, mtahini aombe kusikia rekodi, na aombe kuisikia kutoka katika nakala ya pili, si ya kwanza. Nne, miongozo ya kazi hii iandikwe kwa Kiswahili. Mtu aliyekuwa mbele ya sanduku siku ile alikuwa mzee mwenye Kiswahili fasaha na tochi mkononi, naye hakukosa akili ya kulitibu. Alikosa maelezo katika lugha anayoimudu. Nilipompa, alilitibu.

Hitimisho

Tumezoea kulalamika kwamba mzee akifa, maktaba imeungua. Kauli hiyo ina ukweli, lakini pia inatupa raha ya kuulaumu mauti. Ajuza yule hakuondoka na wimbo wake. Alituachia, kwa hiari yake, akiwa na afya ya kutosha kuuimba hadi mwisho. Aliyeupoteza ni mwanafunzi wa Kiswahili aliyejua kuchambua wimbo, asijue kuuweka.

Sanduku la Mwalimu sasa lina adapta mpya na betri ya akiba. Nakala ya rekodi iko kwangu, nyingine iko chuoni, na ya tatu iko katika simu za wajukuu, ambao wamekwisha kuzigawa kwa binamu zao kwa idadi ambayo siwezi tena kuihesabu, wala sitaki. Nawaomba wasomaji wa jarida hili, wanafunzi na wahadhiri, kabla hamjaendelea na ukurasa unaofuata, mjiulize rekodi zenu ziko wapi usiku wa leo. Ikiwa jibu ni mahali pamoja tu, basi ondokeni mkanakili. Chungu kimekwisha kuteleka, na figa ni moja.